Lokole Yangu Imejibiwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Naanza shajara leo. Watu maarufu wote huwa nayo, na mimi nimebakiza kidogo tu.

Hali ilivyo: karakanani kwangu, hapa Kabondo, iko mashine ya tonton Léopold, mjomba wangu. Inachonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Si kubwa kuliko meza ya kulia chakula. Unachora kwenye kompyuta, unabana ubao, unabonyeza, kisu kinazunguka chenyewe. Tonton aliinunua achongee maduka vibao vya majina, ikamshinda. Nikamwomba aniachie, nitafundisha watu kwa video, Kisangani nzima itatutazama. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa "Chonga na Arsène".

Kisangani nzima haijatutazama. Somo la mwiko: watu tisa. Somo la kibao cha kukatia pondu, yale majani ya muhogo: watu wanne, na watatu kati yao ni mimi.

Jana baada ya misa tonton alisema imetosha. Nikipata wafuasi elfu moja kufikia Jumatano ya wiki ijayo, mashine inakuwa yangu moja kwa moja. Nisipopata, anampa Franck. Franck! Binamu yangu huyo anachonga milango kwa mkono huku akiimba nyimbo za kanisani, na watu wanamtazama kwenye simu na kulia machozi. Hafundishi kitu. Anaimba tu!

Odile, mke wangu, amesema labda na mimi niimbe. Nimekwenda kukaa karakanani hadi wazo lije.

Limekuja.

Jumanne, 7 Oktoba

Lokole! Nani asiyeipenda? Ngoma ya gogo zima, yenye mwanya mwembamba juu. Ndiyo iliyopeleka habari kijiji hadi kijiji kando ya mto kabla simu hazijafika. Wazee walikuwa wanalichimba gogo kupitia ule mwanya kwa wiki na wiki. Mimi nitatumia siku mbili. Mashine inakata vipande vya mviringo vyenye tundu katikati, navipanga kama mkate uliokatwa, navigundisha kwa kola, gundi ya mbao. Basi!

Franck amesikia, akasema lokole ya kugundisha ni sanduku. Wivu huo.

Mbao nimepata bure. Kule Yanonge, kijijini kwetu, nyuma ya jiko la mama, ilikuwepo lokole ya koko Lofembe, babu yangu, aliyekuwa mpigaji wa kijiji. Ilipasuka siku aliyokufa na haijaguswa na mtu tangu hapo, isipokuwa kuku wanaotagia ndani. Mti wenyewe ni ngola, mwekundu, mgumu, usioliwa na mchwa. Leo nimeshuka na boti ya alfajiri. Mama alikuwa shambani. Sikutaka kumsumbua. Mimi ndiye ndoyi wa koko, nimepewa jina lake, Lofembe, kwa hiyo kitu chake ni changu. Kuku nimewatoa kwa heshima na mayai nimeyaacha.

Jambo dogo tu. Wale kuku walinifuata hadi bandarini. Wote. Wakasimama kwenye mstari ukingoni mwa maji, kimya, mpaka boti ikapinda kona. Nadhani walikuwa na njaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepasua lokole ya koko kuwa mbao. Nimebonyeza.

Ajabu! Mashine hii huwa inavunja kisu kila mara, au inasimama katikati, au inachonga juu chini. Leo imekata kila kipande bila kukosea. Hata umeme haukukatika. Mara mbili nilisahau kubadilisha mchoro, nikakuta imechonga kile ninachotaka hata hivyo. Lazima nimeanza kuielewa.

Tatizo ni vumbi. Vumbi jekundu kila mahali, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye bakuli la sukari. Odile amesimama mlangoni, akaniambia nikaoge haraka, naonekana kama maiti aliyepakwa ngola tayari kwa kaburi. Nimeoga. Nimeoga tena. Viganja vimebaki vyekundu. Kwenye kamera inapendeza.

Sasa natafuta mlio wa kufungulia video. Kila kituo kikubwa kina mlio wake. Mimi wangu ninao kichwani tangu nikiwa mtoto wa miaka sita. Ulipigwa Yanonge kutwa nzima, hadi leo naujua pigo kwa pigo. Ile siku siwezi kuisahau. Nilivalishwa shati jipya. Walininyoa kichwa. Wali ulikuwa wa kumwaga, mbuzi wawili, watu wakaja kwa mitumbwi kutoka kila upande, na kila mama alinikumbatia. Sikukuu nzuri kuliko zote. Koko peke yake hakuja kula. Alikuwa amelala ndani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kola imekauka. Nimerekodi.

Saa kumi alasiri, mawingu mazito, mwanga mzuri sana. Nimesimama mbele ya kamera, shati la kitenge, viganja vyekundu. Nikapiga ule mlio kwa mara ya kwanza.

Sanduku? Franck na aje asikie! Sauti ilitoka ikapita juu ya mabati ya Kabondo yote. Upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba, kama mume na mke wanaoelewana. Mwenye toleka aliyekuwa anapita na mteja wake alishusha mguu akasimamisha baiskeli. Mbwa wa jirani aliingia chini ya kitanda cha watu.

Halafu ikajibiwa.

Mbali sana, upande wa chini wa mto. Nikamwambia Odile ni mwangwi. Akatega sikio, uso umebadilika, akasema: "Écho haiongezaka maneno, Arsène." Ni kweli kwamba jibu lilikuwa refu kuliko nilichopiga. Lakini mto ni mpana, hewa ilikuwa na mvua, sauti inavutika. Hayo ni mambo ya fizikia.

Nimepandisha video kabla ya kulala: "Tengeneza lokole kwa siku mbili." Mlio mwanzoni, mlio katikati, mlio mwishoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wafuasi mia mbili na ushei! Nimepiga kelele hadi Odile akaangusha sufuria.

Maoni mengi, yote ya heshima kubwa. "Poleni familia." "Pumzika, papa." Na mmoja asiye na picha wala jina ameandika "Tuko njiani" mara nyingi mfululizo. Nimewajibu wote kwa moyo mwekundu.

Tumekwenda na Odile kununua samaki wa kukaushwa kwa mama Emérence, pale kona. Ni mtu wa Yanonge kama mimi, marehemu baba yake alikuwa mpigaji lokole. Mwanamke mkali, hajawahi kunipunguzia samaki hata mmoja. Leo hakunitazama kabisa. Nikanyoosha mkono kuchagua, akaivuta sinia. Akamwambia Odile: "Ambia bwana yako, batu ya kufa habanunuaka samaki."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akamweleza Odile polepole, nami nimesimama pale pale. Kwamba ule si wimbo. Ni wito wa kifo. Unasema: Lofembe wa Yanonge amelala, kila anayesikia aje kumchukua. Ulipigwa kwa ajili ya koko siku aliyokufa. Na kwa kuwa mimi ni ndoyi wake, kwenye lokole jina letu ni moja. Kwa hiyo nimesimama karakanani kwangu, na shati la kitenge, nikajitangaza mwenyewe. Na kila mtu anayefungua video, simu yake inaniita upya.

Odile akamshika mkono. Akauliza, zamani nani walikuwa wanajibu? Mama Emérence akasema wapigaji wa vijiji, walijibu tumesikia, kisha wakaja na mitumbwi. Na sasa? Sasa hakuna, akasema. Wa mwisho alikuwa baba yake, kule Lubunga, na lokole yake walimzika nayo. Odile akauliza, basi jana nani alijibu? Mama Emérence akaanza kuwageuza samaki mmoja mmoja, ingawa walikuwa wamekwisha kukauka.

Nimeelewa vizuri sana. Nimerudi nyumbani mbio nikabadilisha jina la video: "MLIO ULIOKATAZWA."

Jumapili, 12 Oktoba

Wafuasi mia nne.

Misa. Wakati wa kupeana amani nilinyoosha mkono kushoto, kulia, nyuma. Watu wakawa wanapeana wao kwa wao juu ya mabega yangu. Nikadhani ni hivi viganja. Wakati wa kutoka niliita toleka tatu, zote tupu. Zikapita. Wa tatu alipinda kabisa kunikwepa, kama mtu anavyokwepa shimo, lakini usoni hakuonyesha kwamba ameona kitu. Nimetembea. Umaarufu una upweke wake, hilo nililitegemea.

Alasiri nikapiga tena, kwa ajili ya somo la pili la lokole: "Kuchonga fimbo za kupigia." Jibu limetoka Lubunga, ng'ambo tu ya mto. Safi kabisa. Nasikitika kusema mpigaji huyo ananizidi. Kuna pigo moja katikati analichelewesha kidogo, na ukisikia unahisi baridi mgongoni.

Jioni amekuja Franck. Amevua kofia. Macho mekundu. Amesimama nje ya kizingiti, hakuingia, akasema: "Ndugu, miye sitaki ile mashine. Bakia nayo, nitaambia tonton. Futa tu ile mavideo, leo leo. Mama Emérence iko tayari kukuja kupiga ya kukurudisha."

Akaeleza kwamba upo mlio mwingine, unaosema Lofembe ameamka, rudini. Lakini haufai kitu iwapo video zinaendelea kuita. Kwanza nifute, ndipo yeye apige. Na lazima iwe kabla mgeni hajafika mlangoni.

Mjanja! Nimemwona ndani na nje. Nifute video, wafuasi waondoke, Jumatano ifike, tonton ahesabu sifuri, mashine iende kwa nani? Kwa yule yule mwenye machozi. Nilimshukuru, nikamfungia mlango taratibu. Alibaki nje muda mrefu. Nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini, moja ya zile nyimbo zake za kanisani. Lazima nikiri anaimba vizuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo sikupiga. Nilikuwa na kazi ya kuunganisha picha.

Mlio umepigwa hata hivyo. Asubuhi, ukungu mzito, nilisikia mapigo pale bandarini, upande wetu huu. Mchana, barabara kuu. Saa tisa, kwenye kona ya mama Emérence, ambaye hakufungua meza yake. Nilitoka kuangalia. Barabara ilikuwa tupu kabisa, Jumatatu, mchana, Kabondo! Milango imefungwa, moto wa makaa ya mtu unawaka peke yake, chapati zinaungua. Hakuna anayepiga. Mlio ulikuwa unatoka pale pale hewani, kimo cha kifua cha mtu.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa. Niliingia ndani, nikashika simu, nikaweka kidole kwenye neno "futa".

Chini ya kidole palikuwa na namba. Mia saba. Na zaidi, mbele ya macho yangu ikapanda. Mtu wa Bukavu amejiunga. Mtu wa Ubelgiji! Nikaona jinsi Franck atakavyoipangusa mashine yangu kwa kitambaa chake huku akiimba.

Nikatoa kidole.

Jambo dogo: kuku mmoja wa mama, yule wa kahawia asiye na kidole kimoja, yuko juu ya lokole. Sijui amefikaje kutoka Yanonge. Hataki kushuka na hataki mahindi. Ametaga yai moja, na yai ni jekundu. Ni lile vumbi tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbaya, isipokuwa namba.

Odile alikwenda mwenyewe kumchukua mama Emérence, akamleta kwa mkono. Mama Emérence alikuja na fimbo zake mbili za kupigia zilizofungwa kwenye kitenge, za baba yake. Akaketi mbele ya lokole. Kuku akampisha. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akanitazama machoni, akaniambia nifute, yeye yuko tayari, muda ni mfupi. Kutoka kwenye kona sisi sote tulikuwa tunasikia mapigo, yametulia, ya mtu asiye na shaka na njia.

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kabisa! Niliomba mambo mawili tu. La kwanza, ageuke kidogo kuelekea kamera, kwa sababu huo mlio wa kurudisha mtu haujawahi kurekodiwa na mtu yeyote, na lingekuwa somo la tatu zuri ajabu. La pili, kama tungeweza kusogeza shughuli hadi kesho mchana, tonton akishahesabu.

Mama Emérence akazifunga fimbo zake tena kwenye kitenge, pindo kwa pindo. Akamwambia Odile pole, akatoka.

Odile hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alipika pondu na samaki, akaifunika sahani yangu, akakunja nguo zake, akafunga mzigo wa kwenda kwa dada yake Benie. Akasimama mlangoni. Akasema: "Miye nakupenda, Arsène. Lakini sitabakia hapa kwa kungojea bakuchukue, sababu ya video." Akasema akisikia nimefuta atarudi mbio, hata bila viatu.

Nimeumia. Nimelia, na machozi yameacha mistari myeupe kwenye vumbi usoni. Nimejiuliza kama nirekodi. Nimerekodi kidogo.

Sahani sikuila. Nilipofunua nikakuta imeliwa nusu, kwa uangalifu, upande mmoja tu, kama mtu anayemwachia mwenzake.

Jumatano, 15 Oktoba

ELFU MOJA! Elfu moja na kumi na mbili! Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye boriti, nimeruka tena!

Tonton Léopold amepiga simu kabla sijampigia. Sauti yake ndogo sana, sikuitambua. Amesema ameona namba. Amesema: "Bakia na mashine, mon fils. Usiilete kwangu. Na weye pia usikuje." Kisha akaanza kusali, akasahau kukata, nikasikiliza sala ya Baba Yetu mara mbili hadi salio lake likaisha.

Mashine ni yangu. Nimeipangusa. Nimeibusu pale inapobana ubao. Franck na aimbe sasa!

Nimempigia Odile nimweleze kwamba tumeshinda. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nimefuta. Nilimwambia baadaye, wiki hii namba bado zinapanda. Nikasikia Benie anamwambia aweke simu chini.

Saa sita hii mchana. Jua kali, hakuna upepo. Mapigo yamekoma. Kimya kizuri, unaweza kusikia mto kutoka hapa, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani. Kuku ameshuka, amekwenda kusimama kwenye geti, anatazama nje kupitia tundu la bati.

Kumetokea mtu. Amebisha kwenye bati la geti. Si kubisha kwa kawaida, ni ule mlio wangu wa kufungulia video, mzima, na lile pigo la katikati amelichelewesha vile vile. Ni yeye! Mpigaji wa Lubunga! Nimekuwa namtafuta wiki nzima.

Nimemwita kutoka dirishani angoje kidogo, kamera haijakaa sawa na betri ina nusu. Sauti ya mzee imejibu kwamba hakuna haraka, ndoyi.

Mtu mstaarabu. Chini ya geti naona miguu yake. Haina viatu, imelowa maji, na imepakwa ngola hadi kwenye vifundo, nyekundu kuliko mikono yangu. Tutapendeza sana pamoja. Somo la tatu litakuwa mahojiano, na nitamwomba abishe upya, maana aliponibishia mara ya kwanza sikuwa narekodi. Nitamsimamisha upande wa kushoto, kwenye mwanga, na mimi kulia kwake.

Taa nyekundu ya kamera imewaka. Naenda kufungua.